Ughaibuni Usio na Theluji

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, kalamu nyingi za Kiswahili hushikwa na baridi. Mwalimu huandika ubaoni anwani ya insha, "Sikukuu Ughaibuni", na wanafunzi, ambao barafu hawajaiona ila ndani ya jokofu la duka, huanza kueleza theluji iliyotanda juu ya mapaa, miti iliyopukutika majani, na mjomba aliyejifunika koti zito akiingia dukani kununua zawadi. Mwalimu husahihisha ngeli, huweka alama, akaridhika. Hakuna aulizaye: ughaibuni huo ni wa nani?

Simkatai mjomba wa koti zito. Yuko, na baridi yake ni ya kweli. Ninalolikataa ni mazoea ya kumfanya yeye peke yake kuwa sura ya Mswahili aliye mbali na kwao. Mazoea hayo yamewafuta katika hesabu yetu watu wengi mno wasemao Kiswahili ugenini, walio karibu nasi kuliko London na Minneapolis. Nakusudia kusema habari za wale walioko kambi ya Dzaleka na katika jiji la Lilongwe, nchini Malawi. Nadai mambo matatu. La kwanza, ughaibuni wao ni ughaibuni kamili, nao wastahili nafasi katika vitabu, madarasa na majarida yetu. La pili, Kiswahili chao si takataka ya kufagiwa kwa wino mwekundu. La tatu, ikiwa Malawi itafundisha Kiswahili mashuleni, ni dhulma na ni upumbavu kuwapita watu hawa kana kwamba hawapo.

Kambi na jina lake

Dzaleka iko katika Wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kaskazini ya Lilongwe. Kabla haijawa kambi ilikuwa gereza. Katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, wapinzani wa siasa walifungwa hapo, na jina lenyewe latokana na kitenzi cha Kichewa, kuleka, yaani kuacha. Mfungwa alitakiwa aseme kwamba ataacha, hatarudia tena. Mrundi na Mnyarwanda hawahitaji mkalimani kulielewa jina hilo, maana kwao pia kuacha ni kureka. Mwaka 1994, wakimbizi wa vita na mauaji ya Maziwa Makuu walipokuwa wakimiminika kusini, mahali hapo pakageuzwa kuwa makazi yao. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Walio wengi wametoka Kongo ya mashariki. Kisha wako Warundi na Wanyarwanda, na Wasomali na Wahabeshi kidogo.

Sasa tazameni lugha zao. Mbembe wa Fizi hawezi kumsemesha Mrundi wa Ngozi kwa Kibembe, wala Mshi wa Bukavu hamjibu Mnyarwanda kwa Kimashi. Sokoni, kisimani, katika foleni ya mgao, katika ugomvi wa majirani na katika posa za vijana, lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Hakuna serikali iliyowaamuru, hakuna baraza la lugha lililowatumia kamusi, wala hakuna mtihani wa taifa unaowashurutisha. Wanakisema kwa kuwa kinawafaa. Sisi tufundishao Kiswahili hukaa vikaoni tukijadiliana namna ya kukieneza katika Afrika. Na huko Dowa, katikati ya nchi ya Wachewa, umesimama mji mzima uendao kwa Kiswahili, tusiutaje.

Desemba ilivyo kweli

Yafaa kwanza tuitengeneze kalenda. Baridi ya Lilongwe huwa Juni na Julai, wakati uleule ambao watu wa pwani huuita kipupwe. Desemba ni mwezi wa mvua. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na zinyeshapo za kwanza, Malawi yote huinama na jembe kupanda mahindi. Ghala za mwaka uliopita zimekwisha pungua, na mavuno mapya yako mbali. Bei ya mahindi hupanda tangu Desemba hadi Machi. Kwa hiyo sikukuu kubwa za mwaka huangukia penye miezi ya njaa, kwa mwenyeji na kwa mgeni sawasawa, ila mwenyeji ana shamba la kulitumainia.

Kambini nyumba nyingi ni za matofali ya udongo yasiyochomwa. Mvua ya usiku mmoja yaweza kuulaza ukuta. Mama wa nyumba akisikia radi haifikirii theluji ya kwenye kadi. Anaufikiria upande wa ukuta wa magharibi ulioanza kumomonyoka. Mgao wa chakula, au fedha zitolewazo badala yake, umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa michango ya wafadhili. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya Noeli hesabu hufanywa upya: nusu ya fedha kwa unga, robo kwa karo na madaftari ya muhula ujao, na kilichobaki kigawanywe kati ya kitenge cha binti na nyama ya siku moja. Fundi cherehani huwa na kazi nyingi kuliko mwezi mwingine wowote, na wateja wake wengi humlipa kwa ahadi.

Hata hivyo sikukuu hufanyika. Kwaya hufanya mazoezi usiku hata jirani aanze kunung'unika, na nyimbo zao ni za Kiswahili. Sombe hutwangwa katika vinu. Ndiyo yale majani ya muhogo ambayo Mtanzania huyaita kisamvu, na Mrundi huyaita isombe. Dagaa wa Ziwa Malawi, waitwao usipa, hushika nafasi ya ndagala wa Tanganyika, na wazee wa Uvira hawachoki kubishana juu ya ladha. Tarehe 25 Desemba watu huambiana Noeli njema. Na usiku wa kuamkia Januari mosi, neno liendalo nyumba kwa nyumba ni moja: Bonane!

Nayo simu hulia. Dzaleka imetoa watoto wake kwenda Marekani, Kanada na Australia kwa njia ya mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu. Wa Kanada hutuma picha za theluji. Wa Australia hutuma picha zake akitokwa na jasho, maana huko Desemba ni joto kali. Na picha hiyo peke yake ingetosha kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba Desemba haina tabia moja duniani. Uwanja wa ndege wa Kamuzu uko kati ya Lilongwe na kambi. Ndege ipitapo juu, kijana aliyengoja miaka minane akiwa na jalada lake katika ofisi hainui kichwa kwa ushamba, anahesabu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi katika Afrika waliokwisha pimwa afya na kuhojiwa walirudishwa katika kungoja kusikokuwa na tarehe. Hapo ndipo theluji inapopata maana yake halisi kwa Mswahili wa Dzaleka. Kwake theluji ni nchi aliyoahidiwa, mlango wake ukafungwa. Mwalimu anayeitumia kama pambo la insha na ajue anachezea jeraha la watu.

Mgeni na jembe

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huielewa vibaya mtu aidhaniaye kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Maana yake iliyo njema ni kwamba baada ya ukarimu wa siku mbili, heshima kubwa umpayo mgeni ni kumhesabu kama mtu wa nyumbani, ashike kazi, ale jasho lake. Asiyepewa jembe hubaki mgeni milele, na mgeni wa milele huchosha.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya kazi, elimu na uhuru wa mtu kukaa apendapo. Ikasema itavichukua kama mapendekezo tu. Ndiyo sababu mtu aliyezaliwa Dzaleka, ambaye sasa ni mzazi, hana haki ya kuajiriwa kama wengine wala kuhamia mji autakao. Siku mbili zimekuwa miaka zaidi ya thelathini, na jembe bado limeningʼinia ukutani kwa mwenyeji.

Hata hivyo watu walijitafutia. Wengi walihamia Lilongwe na miji mingine, wakafungua maduka madogo, wakashona, wakanyoa, wakauza mitumba na simu. Katika baadhi ya mitaa ya jiji mteja Mmalawi alijifunza kusema "bei gani" na "punguza kidogo", na mwenye duka akajifunza kusema "zikomo". Hilo lilikuwa darasa la Kiswahili lisilo na ada. Machi 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi wote warejee kambini kabla ya tarehe 15 Aprili. Mei ya mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Maduka yakafungwa, mali ikapotea, na watoto wakajikuta wamewekwa pamoja na wazazi wao katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Desemba iliyofuata, mtu aliyekuwa akiwauzia wenzake nguo za sikukuu mjini alikuwa amesimama katika foleni ya mgao.

Haki yataka niseme na ya upande wa pili. Malawi ni nchi maskini. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 iliwapokea wakimbizi wa Msumbiji wapatao milioni moja na zaidi, wakati nchi zenye fedha nyingi mara mia zilikuwa zikihesabu wageni wao kwa vidole. Mkulima wa Dowa anayeshinda na njaa mwezi wa Januari hana deni la kulaumiwa na mtu yeyote. Lawama yangu haimwendei yeye. Inaiendea fikra kwamba mtu akifungiwa mahali pamoja na kulishwa, basi amehifadhiwa.

Wino mwekundu

Nije sasa kwenye kiwanja chetu wenyewe, maana serikali si sisi, lakini darasa ni letu.

Chukueni mfano wa sentensi kama hizi, ambazo mtoto wa Dzaleka aweza kuziandika katika insha: "Siku ya Noeli batoto bote banavaa nguo mupya. Mama anapika sombe. Kisha tunangoja Bonane." Kuna walimu, tena wenye vyeti vizuri, ambao wakiziona hukata mistari minne, wakaandika pembeni: "Hiki si Kiswahili." Mtoto husoma hukumu hiyo akaielewa hivi: mama yangu hasemi lugha, nyumbani kwetu hakuna lugha. Na tangu siku hiyo hunyamaza.

Basi tuihukumu hukumu yenyewe. Noeli lina kosa gani? Ndilo neno litumiwalo na Kanisa Katoliki huko Tanzania, katika ibada na katika salamu za maaskofu. Bonane limetoka katika Kifaransa, ni kweli. Wanyarwanda nao wamelifanya Ubunani. Lakini shule limetoka wapi, kama si kwa Wajerumani? Meza, leso na mvinyo yametoka kwa Wareno. Gereza ni neno la Kireno la kanisa, lililobadilika maana pwani yetu. Krismasi ni Kiingereza kitupu kilichovikwa irabu. Kwa sheria ipi neno la Mjerumani na la Mwingereza lipewe kiti, na la Mfaransa lisimamishwe mlangoni? Sababu ni moja tu, nayo si ya sarufi: wale waliotawaliwa na Mjerumani na Mwingereza ndio waliokaa katika meza ya usanifishaji. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, Kongo ya Wabelgiji haikuwako kikaoni.

Sombe ni jina la chakula, na mwenye kukipika ndiye mwenye kukiita. Lengalenga la Mkongo ni mchicha wa Mtanzania. Mboga haikuharibika kwa kubadili jina. Mzanzibari husema skuli, wa bara husema shule, Mkongo husema masomo, na wote watatu watoto wao wanakwenda na mabegi mgongoni.

Yabaki batoto na mupya. Hapa ndipo wapinzani wangu hujiona wamenishika. Lakini wataalamu wa lugha za Kibantu wametuonyesha zamani kwamba ba- ni umbo la kale zaidi kuliko wa- yetu, na kwamba mu- ndiyo iliyopoteza irabu ikawa m-. Nasi wenyewe tumeibakiza katika maneno kama Muumba na muuguzi. Mtoto wa Dzaleka hakuliharibu umbo la Kiswahili. Amerithi lahaja iliyohifadhi umbo la mababu, iliyokaa karibu na Kibembe, Kifuliru na Kimashi. Lahaja hiyo ina mamilioni ya wasemaji, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Anayesema watu wote hao hawajui Kiswahili, na aseme basi ni lugha gani waliyokuwa wakiisema tangu walipozaliwa.

Watauliza: je, tuache kila mtu aandike apendavyo, na mtihani tuusahihishe kwa huruma? La hasha. Mimi ni mwalimu wa lugha na nauheshimu usanifu. Mtihani una lugha yake, sheria ina lugha yake, gazeti lina lugha yake. Mtoto yule lazima ajue kwamba katika karatasi ya mtihani ataandika "watoto wote wanavaa nguo mpya", na ajue ni kwa nini. Ninachokidai ni utaratibu wa kumfikisha hapo. Mwalimu mwema huandika umbo sanifu kando ya umbo la nyumbani, kama daraja mbili za ngazi moja, akamwonyesha mtoto jinsi ya kupanda na kushuka. Mwalimu mbaya huivunja daraja ya chini, kisha hushangaa mtoto hapandi.

Na jambo hili si dogo kwa watoto wa kambi. Shule zao hufuata mtaala wa Malawi. Masomo ni kwa Kiingereza na Kichewa. Ni haki wazijue lugha hizo, na Kichewa chawafaa kila siku. Lakini maana yake ni kwamba Kiswahili hawakipati darasani. Wanakipata nyumbani, kanisani, msikitini, sokoni, katika Redio Yetu ya kambini, na katika Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, aliyekuwa mkimbizi papo hapo. Mtoto wa namna hii akikutana na mwalimu wa Kiswahili mara moja tu maishani mwake, na mwalimu huyo akamwambia kwamba lugha yake si lugha, basi mwalimu huyo amefanya kazi ambayo vita havikuimaliza.

Nani atafundisha Malawi?

Mambo haya yangekuwa maoni ya mtu mmoja tu kama yasingekuwa na jambo zito mbele yake. Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, nchi za SADC zilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Malawi ni mwanachama. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Malawi kwa sherehe za uhuru, Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza kwamba Kiswahili kitaingizwa katika shule za nchi yake. Tarehe hizo zitazameni tena. Mei polisi waliwakamata wasemaji wa Kiswahili Lilongwe. Julai ikatangazwa kwamba Kiswahili kinahitajika Lilongwe.

Malawi haikukutana na Kiswahili jana. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walijenga himaya yao Nkhotakota, kando ya ziwa, chini ya watawala walioitwa Jumbe, na Kiswahili kikasemwa hapo kwa miongo kadhaa. Lakini tusijisifu kwa hilo; walikuja na bunduki na minyororo, na bidhaa yao ilikuwa binadamu. Safari hii Kiswahili kimekuja bila bunduki. Kimekuja mgongoni mwa mama aliyekimbia bunduki. Kama kuna wakati lugha hii ilipewa nafasi ya kuingia nchi ile kwa uso mwema, ni sasa.

Tangazo ni jambo moja, mwalimu mbele ya darasa ni jambo jingine. Nasikia watu wetu wakizungumza kwa furaha juu ya walimu wa kupelekwa Malawi kutoka Tanzania na Kenya. Na waende, wanahitajika, nami siwaonei choyo. Lakini saa moja tu kwa gari kutoka Lilongwe wako watu waliosomea ualimu Bukavu, Uvira na Bujumbura, waliofundisha miaka mingi, wanaojua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na ambao kwa miaka yao ya ugenini wamejifunza Kichewa pia. Mwalimu atakayetoka Dodoma atahitaji miaka mitatu kukijua Kichewa kiasi cha kumweleza mtoto wa Dowa tofauti ya ngeli. Huyu anayo tayari. Anachohitaji ni mafunzo mafupi ya Kiswahili Sanifu na kibali cha kufanya kazi. Yeye ndiye hasa aliyekosa jembe.

Wako watakaosema kwamba chama cha walimu hakipaswi kugusa habari za vibali na kambi, kwamba hiyo ni siasa. Nami nawajibu: kumpeleka mwalimu kwa ndege kutoka nchi nyingine na kumwacha mwalimu aliye jirani, hilo nalo ni uamuzi wa siasa, ila huitwa mpango. Wako pia watakaohofu kwamba watoto wa Malawi watafundishwa kusema batoto. Hofu hiyo tumeikwisha jibu; mtu mzima mwenye cheti cha ualimu hujifunza usanifu kwa miezi michache, kama walivyojifunza walimu wengi wa bara la Tanzania ambao lugha zao za mama zilikuwa mbali na Kiunguja kuliko Kiswahili cha Uvira.

Yafaayo kutendwa

Nayaweka mapendekezo yangu mbele ya wanachama, nao wayapime.

Moja, insha ya "Sikukuu Ughaibuni" iendelee, lakini mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba ughaibuni ni pamoja na Dzaleka, Nyarugusu ya Kigoma na Kakuma ya Turkana, si Ulaya peke yake. Na atakayeandika juu ya theluji, aandike kwa sababu ana ndugu huko, asiandike kwa sababu kitabu kilimwambia kuwa ndivyo ughaibuni ulivyo.

Mbili, likizo hii ya Desemba itumiwe kukusanya maneno. Sikukuu ndiyo hazina ya msamiati wa chakula, mavazi, ibada, ukoo na salamu. Vijana wa kambini wakipewa madaftari, katika wiki mbili watatuletea maneno ambayo hakuna kamusi ya Dar es Salaam iliyoyapokea. Wayaandike kwa maelezo, na jina la kila mkusanyaji litajwe, asije mtu wa chuo kikuu akayafanya yake.

Tatu, chama kifungue mlango wa uanachama kwa walimu wakimbizi, bila kuwadai karatasi zilizoungua pamoja na nyumba zao. Mtihani wa mazungumzo na wa maandishi watosha kumjua mwalimu.

Nne, chama kiandike rasmi kwa wizara za elimu za Malawi na Tanzania, kikiomba kwamba katika mpango wowote wa kufundisha Kiswahili Malawi, walimu wa Dzaleka wapewe mafunzo na vibali vya kufundisha nje ya kambi. Barua haigharimu kitu, na ikinyimwa jibu, tutakuwa tumejua tunaongea na nani.

Itakuja Januari. Mahindi ya Dowa yatakuwa yamefika magotini, tarehe 15 Wamalawi watamkumbuka John Chilembwe, na shule zitafunguliwa. Walimu wa Kiswahili watakaa tena ofisini wakisahihisha madaftari. Likija la mtoto aliyeandika Bonane, swali litakuwa mezani, nasi tutalijibu kwa kalamu. Haya ndiyo niliyoyaona. Mwenye hoja iliyo nzito zaidi na ailete katika kurasa hizi, tutaisoma.